Sifa za Umeme Mdogo

Umeme ukikatika, mtaa mzima unajua, na watoto wanapiga kelele hata wasiokuwa na televisheni. Umeme mkali nao una heshima yake: ukipita na kuunguza redio ya mtu, majirani huja kutoa pole. Umeme mdogo peke yake ndio haujapata wa kuusemea. Unaingia nyumbani saa moja jioni, umechoka, hausumbui mtu, na hakuna aliyewahi kuusimamia mbele za watu akautolea shukrani. Mimi nimeishi nao hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, na naona wakati umefika.

Kwanza, unalinda nguo. Pasi ya umeme mdogo haijawahi kuunguza shati la mtu. Feni yake huzunguka kwa utulivu hadi mapanga yanahesabika. Birika nalo linakufundisha subira, tena kwa kanuni za fizikia: umeme wa nyumbani nchini kwetu unatakiwa kuwa volti 230, ukishuka hadi 160 joto la birika halipungui kwa theluthi kama unavyodhani, linabaki chini ya nusu. Chai inachelewa, familia inakaa pamoja.

Lakini hayo ni madogo. Fadhila kuu ya umeme mdogo ni kwamba unaleta habari.

Kwenye korido yangu nimebakiza globu moja ya zamani, ile ya waya mwembamba ndani. Taa za LED ni wanafiki. Nyingi zina kisaketi cha kujisawazishia, kwa hiyo volti zikishuka zenyewe zinang'aa vilevile na kukwambia mambo ni mazuri. Globu yangu haifichi kitu. Ikitetemeka kwa vipindi vifupi, mchomelea mageti wa njia panda ameanza kazi, na kwa urefu wa mtetemo naweza kukwambia kama anaunga bati au nondo. Ikizama ghafla kisha ikapanda nusu, mashine ya kusaga imewashwa, maana mota inapoanza kuzunguka hunyonya umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Alfajiri ikififia polepole hadi kuwa nyekundu, mwenye nyumba anaoga maji ya moto. Nilijua jirani amenunua pampu ya maji kabla mkewe hajaambiwa. Nilijua saluni ya kona imepata maharusi, na kwa kina cha giza nilikadiria idadi ya wasimamizi. Yule bwana wa upande wa pili aliyehama kwa hasira, globu ilinitangazia kurejea kwake: saa kumi na mbili asubuhi pasi imewaka, mtu anakwenda kazini na shati lililonyooshwa, ndoa imepona. Mkoa wetu una vyuo vikuu vya Sokoine na Mzumbe, na sioni kwa nini hadi leo hakuna aliyefungua idara ya usomaji wa globu.

Tatizo ni friji. Friji haipendi habari. Umeme ukiwa mdogo, mota ya kompresa inajikaza kuzunguka, inashindwa, inavuta mkondo mkubwa zaidi, inapata moto, na siku moja nyaya za ndani zinaungua. Ndiyo maana tunanunua gadi, kile kiboksi chenye taa ya kijani, ya njano na nyekundu, kinachokata volti zikishuka mno au zikipanda mno, na umeme ukirudi kinaishikilia friji dakika chache ili gesi itulie kwanza. Gadi ya kweli ni kitu cha maana sana. Ya bandia ina taa zote tatu: fundi alinifungulia moja, ndani waya umepita moja kwa moja kutoka plagi hadi soketi.

Mama mmoja hapa jirani anauza barafu za ukwaju kwa watoto wa shule. Friji yake ilikufa mwezi wa joto, barafu zikayeyuka, mtaji ukamwagwa mferejini. Nikapiga simu kunakohusika.

"Umeme upo?"

"Upo, lakini mdogo."

"Basi upo."

Hapo sina mzaha. Kwenye daftari lao kuna kuwepo na kutokuwepo, na sisi tunaoishi katikati si hitilafu, hatuandikwi. Wala si kwamba umeme ni haba. Kidatu iko mkoani humu, megawati 204, na inazalisha tangu miaka ya sabini. Bwawa la Nyerere kwenye mto Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Morogoro bila kupunguza mwanga kwa ajili ya mtu anayepiga pasi. Kinachokosekana ni transfoma ya pili na waya mnene. Ya kwanza ilifungwa nyumba zikiwa chache, kisha viwanja vikauzwa kupanda mlima, na kila mteja mpya akaungwa kwenye nguzo ya mwisho, akalipia, akapigwa picha akiwasha taa.

Wageni fulani waliokuwa wakielekea Mikumi na gari lao la kulala, lenye jiko na friji ndani, walilala kwenye nyumba ya wageni ya hapa. Kabla ya kuchomeka gari walichomeka kiboksi cha kupimia. Kikasoma 168, kikaonyesha kwamba soketi haina waya wa kwenda ardhini, kikagoma. Mhudumu aliona amedharauliwa. "Mbona taa zinawaka?" Taa zenyewe za LED. Wale wakashukuru kwa adabu, wakatumia sola yao.

Nilimsimulia mwenye nyumba wangu kisa hicho nikitaraji ataandika barua ya kuomba transfoma, kwa kuwa ana nyumba tatu mtaani na mita ya LUKU moja kwa wapangaji sita. Alisikiliza vizuri sana. Mkataba mpya umekuja na kipengele cha tisa: mpangaji atajilinda mwenyewe na umeme. Kipengele cha kumi kinapandisha kodi, kwa sababu nyumba ina umeme.