Usiku Babu Alipoamuru Jiko Liingie Ndani

Julai ya Njombe si ya mzaha. Umande huganda juu ya majani ya viazi, maji ya bomba yanauma vidole, na kila nyumba inatafuta namna yake ya kuota moto. Baba mkwe wangu alipokuja kutoka Makete kwa ajili ya kliniki, alikuja na gunia la mkaa wa miwati, na alikuja na amri.

Jiko liwashwe uani mpaka moshi uishe. Makaa yakishakuwa mekundu, liingizwe chumbani anakolala na wajukuu wake wawili wa kiume. Mlango ufungwe, na chini yake izibwe kwa kitenge, upepo usipenye. "Moshi ukiisha, sumu imeisha," alisema. Nani angempinga mzee wa umri ule? Mume wangu alilibeba jiko kwa mikono yake.

Asubuhi wote watatu waliamka vichwa vikiwagonga. Mdogo alitapika kizingitini. Mkubwa alisimama, akaketi tena, miguu haina nguvu. Hapo kesi ikaanza. Shangazi yao alishika maharage: yalilala, yakapashwa moto haraka. Babu akasema ni malaria. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akasema ni maji ya kisima. Sufuria nzima ya maharage ikamwagwa, Panadol zikagawiwa, na kabla ya adhuhuri wagonjwa wote walikuwa wanaota jua uani, wazima. Shangazi akatangaza kwamba maharage yamehukumiwa kwa haki.

Binti yetu wa Kidato cha Tatu alikuwa anaosha vyombo, akiuliza maswali madogo madogo bila kumtazama mtu. Maharage tulikula nani? Sote, na baba yake aliongeza sahani ya pili. Maji ya kisima je? Sote. Walioumwa ni akina nani? Waliolala chumba kimoja. "Na mbona kichwa cha Babu kilianza kutulia alipotoka nje, hata Panadol hajameza?" Hakuna aliyemjibu.

Jioni jiko likawashwa tena. Babu humwita binti huyu "mama," maana amerithi jina la mama yake mzazi, na utani kati yao ni mkubwa. Hata hivyo, kumhoji mzee mbele ya watu kwetu si jambo jepesi. Shangazi alimkata jicho. Mtoto akapiga goti.

"Babu, naomba kuuliza. Ile nyumba ulimokuwa ukiota moto na mama yako, ilikuwaje?"

Mzee alilipokea swali kwa furaha. Kuta za fito na udongo, alisema, zimepasuka huku na huku. Paa la nyasi; mtu akiwa ng'ambo ya bonde aliliona linafuka moshi, akajua mama amepika. Mlango wa mbao zilizoachana, paka akipita bila kufunguliwa. Alisimulia mpaka akacheka. Kisha macho yake yakapanda kwenye dari letu jeupe, yakashuka kwenye dirisha la aluminiamu, yakaishia kwenye kitenge kilichokunjwa karibu na mlango. Akanyamaza.

Binti akaeleza alichosoma. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inaing'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu akidhani amepata usingizi mtamu. Kwa hiyo moshi si kipimo. Miaka ya 1890, daktari kutoka Uskoti, John Scott Haldane, alichunguza miili ya wachimbaji waliokufa katika milipuko ya migodi ya makaa ya mawe. Watu waliamini mlipuko ndio uliowaua. Yeye akaonyesha kwamba wengi waliuawa na gesi hiyo. Wachimbaji wa Uingereza wakaja kushuka migodini na ndege wadogo aina ya kanari, wanaozidiwa na sumu mapema kuliko mtu, na desturi hiyo ikadumu hadi 1986. Sisi mle chumbani tulikuwa tumeweka watoto wawili.

"Toeni jiko," Babu akasema. Usiku ule alilala na blanketi la ziada, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo miguuni.

Nimelifikiria sana jambo hili. Babu hakuwa mjinga. Kanuni yake ilikuwa na maana katika nyumba iliyopumua kwa nyasi na nyufa. Sisi tulipokea kanuni, nyumba tukaibadilisha, na hakuna aliyemuuliza mzee sababu, kwa kuwa tulidhani kunyamaza ndiyo heshima. Aliyemheshimu kweli ni mjukuu, kwa sababu yeye peke yake alitaka kujua mzee anajua nini, na jibu lilikuwa kinywani mwa mzee mwenyewe. Ninawasihi wazazi wenzangu: mtoto akiuliza kwa adabu, msimkate jicho. Shuleni wanafundishwa kujibu maswali ya mtihani. Kuuliza la kwao wanajifunza, au wanakatazwa, nyumbani.

Baridi yetu huku nyanda za juu huanza Mei na haiishi mpaka Agosti. Jiko la mkaa libaki nje, hata likiwa jekundu namna gani. Na mkiamka watu wa chumba kimoja vichwa vinauma na miguu imelegea, msitafute mchawi wala chakula kibovu. Fungueni milango, tokeni wote, wapelekeni wagonjwa hospitali wapate oksijeni, na daktari aambiwe wazi kwamba mlilala na jiko.