Baiskeli Isiyobeba Maziwa

Umeamua. Utakuwa mwendesha baiskeli wa mbio za lami, na unaishi mahali fulani kati ya Litein na Silibwet. Kabla hujatoa hata shilingi, fahamu kwamba umezaliwa pazuri mno kwa mchezo mwingine. Huku mtu mwenye miguu hukimbia. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, na tangu hapo kijana yeyote mwembamba anayehema kando ya mashamba ya chai hudhaniwa yuko njiani kwenda uwanja wa ndege. Mkimbiaji anahitaji viatu tu. Wewe unahitaji viatu, baiskeli, fundi, pampu na maelezo.

Maelezo ndiyo mazito. Katika nchi ya chai baiskeli ni mnyama wa mizigo. Baiskeli ya Black Mamba ina keria ya chuma na kamba za tyubu iliyokatwakatwa. Asubuhi hupeleka maziwa, mchana hubeba gunia la majani chai hadi kituo cha kupimia, jioni hurudi na unga, na Jumapili humbeba mtu mzima na Biblia yake. Sasa wewe unaingiza uani baiskeli isiyo na keria, isiyo na stendi, isiyo na madigadi wala kengele. Kogo, nyanya yako, ataizunguka polepole, ajaribu kuiegemeza, ianguke.

"Mtoto wangu, hii hubeba nini?"

"Hunibeba mimi, Kogo."

"Kwani miguu yako ina nini?"

Hapo nyamaza. Walioendelea kujibu wameishia kufungiwa keria.

Wakati mwafaka wa kununua ni Oktoba, bonasi ya chai kutoka KTDA inapotoka, kabla karo na wajomba hawajaigundua. Kumbuka tu kwamba viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida hulipa bonasi ya chini kuliko vile vya mashariki, kwa hiyo mkulima wa Mogogosiek anayeota baiskeli ya kaboni aote ya aluminiamu. Sheria za dunia zinakataza baiskeli ya mbio kuwa na uzani wa chini ya kilo 6.8. Lisikunyime usingizi. Yako, iliyotumika Ulaya, ikauzwa Nairobi, ikauzwa tena Nakuru, haitavunja sheria hiyo kamwe.

Jambo ambalo muuzaji hatakuambia ni vali. Tyubu nyingi za baiskeli za mbio zina vali nyembamba ya Kizungu ambayo pampu ya fundi wa kijijini haiishiki. Nunua kiunganishi chake kidogo cha shaba, ukifunge kwenye ufunguo wa nyumba. Mtu anaweza kuwa na mapafu ya kupanda Mau bila kupumzika, na bado akarudi kwao kwa matatu, baiskeli juu ya keria pamoja na kuku, kwa sababu ya kipande cha shaba kisichofika ukubwa wa punje ya mahindi.

Kuhusu mavazi, nitasema haraka kwa sababu wazee nao husoma. Kaptura ya mbio hubana, ina sponji katikati, na huvaliwa bila kitu ndani. Chupi ikikunjamana kwenye kiti kwa saa nne, utatembea kama aliyetoka jandoni. Panga njia zako za Jumapili zisipite mbele ya kanisa wakati ibada inatoka. Viatu navyo vina kipande kinachokaba kwenye pedali, na ili kujinasua lazima uzungushe kisigino nje. Utalisahau hilo mara ya kwanza utakaposimama, na utasimama mbele ya steji ya boda. Utaanguka taratibu, ukiwa bado umekalia baiskeli, huku vijana kumi wakikutazama tangu mwanzo hadi mwisho. Baadaye watakuinua, kisha watakuuliza kama pikipiki haingekuwa nafuu.

Sasa mazoezi. Kwa hili Mungu amekupendelea waziwazi. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Timu za Ulaya hulipa hoteli za milimani ili walale kwenye hewa nyepesi kama hiyo, na wewe unalala humo bure tangu kuzaliwa. Ukitaka mlima, pita Kapsoit ushuke barabara ya Kisumu mpaka Ahero, chini ya mita 1,200, ambako ni joto na mpunga. Kushuka ni raha tupu. Utajiona bingwa, utaimba. Halafu utageuza baiskeli, na ile raha yote uliyokopa utailipa na riba.

Ondoka alfajiri. Pepo za ziwani hukutana na milima hii mchana, na kufikia saa nane au saa tisa mvua imeshika zamu yake. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Miaka ya 1960 watu walifika hadi kurusha roketi za baruti mawinguni ili kuokoa majani chai. Mawingu hayakujiuzulu. Ndiyo maana nasisitiza helmeti: wenzako wa nchi nyingine huivaa kwa ajili ya ajali, wewe utaivaa pia kwa ajili ya barafu. Malori yaendayo Uganda hayatakuona, matatu itakuona na isijali, na tuta lisilochorwa litakuona wa kwanza.

Kuna aibu moja ambayo hakuna kitabu cha mazoezi kinachoitaja. Ukiwa unapanda, gia imekwisha, ulimi uko nje, utasikia vishindo vya miguu nyuma yako. Ni watoto wa shule ya msingi, mabegi mgongoni, wanarudi nyumbani. Watakusalimia kwa adabu, watakimbia nawe sambamba kwa muda ili usijisikie mpweke, halafu watakuacha. Usiwafuate. Wana haraka, wana ng'ombe wa kufunga.

Chakula kisikupotezee pesa. Wanaojua huuza sukari nzito katika vipakiti vinavyonata. Wewe weka chai ya rangi yenye sukari nyingi kwenye chupa, uende. Mursik, maziwa yetu yaliyogandishwa, iache mpaka urudi. Ni kinywaji cha mabingwa, lakini ndani ya tumbo linalorukaruka kwenye matuta ina mawazo yake.

Umekuwa na nguvu. Pole, maana nguvu ndiyo itakayokuangusha katika mbio zenyewe. Mwaka 2008 mpigapicha wa Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Ufaransa vijana wawili wa Eldoret, Zakayo Nderi aliyekuwa mpiga viatu rangi na Samwel Mwangi wa boda ya baiskeli, wapande Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Tour de France, kwa kupimwa na saa. Nderi alitumia dakika 42 na sekunde kadhaa, muda ambao mtaalamu asingeuonea haya. Miguu ilikuwepo, basi. Lakini kupanda mlima peke yako si mbio za baiskeli, sawa na kuchuma majani si kuuza chai.

Mbio za baiskeli ni kundi, na kundi ni upepo. Anayekaa mgongoni mwa mwenzake huokoa takriban theluthi ya nguvu zake. Sasa fikiria malezi yetu. Tumekulia mahali ambapo mwenye nguvu hutangulia, anawachosha wenzake mzunguko baada ya mzunguko, na wa kwanza kufika ndiye bora, bila mjadala. Hapa utavuta watu kilomita 90 kutoka Kaplong, ukijua unawakomesha, wao wakiwa mgongoni mwako wanakula ndizi na kuulizana habari za nyumbani. Zikibaki mita 200, mmoja wao, ambaye hujauona uso wake siku nzima, atatoka nyuma yako akupite na kuinua mikono. Ukilalamika utaambiwa ndivyo mchezo ulivyo. Na ni kweli ndivyo ulivyo. Wengine hulipwa kazi moja tu: kukata upepo kwa niaba ya mtu mwingine, kumletea maji, hata kumwachia gurudumu lao likipasuka lake, kisha kufika wa tisini wakiwa na furaha. Nenda ukamweleze Kogo hilo.

Anayejifunza kujificha hufika mbali. Marehemu Suleiman Kangangi wa Eldoret alikuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, na hiyo si kazi ya mapafu peke yake. Nawe ukishindwa kumaliza, usiinamishe kichwa. Mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza katika bara la Afrika, mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wengine wote, watu wenye mishahara na wapishi wao, waliegesha. Ukiegesha pale Chebole, uko pamoja na wakubwa.

Imebaki kujiandikisha, na hapa mfano bora tunao. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, alitaka kuiwakilisha Kenya katika mashindano ya dunia ya mwaka 2006 mjini Salzburg. Kwa simulizi lake mwenyewe, aliingia katika barua pepe ya shirikisho la baiskeli la Kenya, akajiandikisha kwa jina la wakubwa, akafika Austria bila kocha wala meneja. Siku ya mbio za kushindana na saa alitoka kwa kishindo, na muda si muda akamgonga afisa aliyekuwa barabarani, wote wawili wakaenda chini. Miaka saba baadaye alishinda Tour de France, akiwa Mwingereza.

Kwa hiyo jifunze kompyuta mapema. Ifahamu nywila ya mkubwa wako, au angalau siku yake ya kuzaliwa. Na ukiona afisa amesimama katikati ya lami na karatasi mkononi, mpitie kulia.