Kariakoo Yahamia Hispania

Hongera wana Dar: soko la Kariakoo sasa liko Extremadura, Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Hakuna aliyefungasha mizigo. Kilichobadilika ni toleo la programu.

Mwaka 2019 PROJ, maktaba huria ya msimbo inayopigia QGIS na programu wenzake hesabu za ramani, ilianza kufuata kwa dhati utaratibu wa EPSG, sajili ya mifumo ya kuratibu ramani: latitudo itangulie, longitudo ifuate. Waandishi wa programu walizoea kinyume chake. Kariakoo wao huiandika 39.27, kisha -6.82, na miaka yote mteja amefika sokoni salama. Toleo jipya likasoma namba zilezile kama sheria inavyotaka, likamshusha Ulaya bila viza. Ukilalamika, unaambiwa hiyo si hitilafu, ni usahihi. Haya, usahihi na uje utununulie vitenge.

Lakini tusijifanye watakatifu. Ramani zetu za zamani za mfumo wa Arc 1960, zikitandazwa juu ya picha za setilaiti bila kubadilishiwa mfumo, husogeza kisima cha kijiji takriban mita 300. Hilo tumelinyamazia siku zote. Kisima chenyewe kimebaki wilaya ileile.