Nkambo Anajibu: Paka, Beseni na Viatu vya Jumapili

Safu hii ya wasomaji wa Likasi, kusini mwa Katanga, na pembeni zake imezoea mashauri ya mahari, ya wapangaji wasiolipa na ya wakwe wanaokuja kwa siku mbili wakakaa hadi mvua zinaisha. Juma hili mmeamua kuniletea mkojo wa paka. Haya, Nkambo hachagui.

*Nkambo, paka wetu tunamfungia ndani kwa sababu mtaani kwetu paka akitoka usiku harudi, na sufuria za watu hazisemi. Nimemwekea beseni la mchanga nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na sahani yake asipate tabu. Yeye anakwenda kukojolea viatu vya bwana wangu, vile vyeusi vya kanisani, wala hagusi vya mtu mwingine. Mama mkwe anasema mnyama huyo ametumwa. Bwana anasema nimemfundisha mimi. — Mama wa Kikula*

Mama, tuanze na hiyo sahani. Wewe ungekula bukari na ndakala ukiwa umechuchumaa chooni? Paka naye hapendi. Beseni likikaa kando ya chakula, anachagua moja, na hawezi kuacha kula. Halafu umeliweka nyuma ya mlango wa jikoni, mlango ambao nadhani kila mtoto anaufungua kwa teke. Paka akiwa katikati ya haja yake akagongwa hata mara moja, hapo mahali amepafuta maishani. Sasa tazama viatu vinakaa wapi. Chini ya kitanda, sivyo? Kuna giza, pakavu, pametulia, hapana teke. Bwana wako hachukiwi na mtu. Ana bahati mbaya ya kuweka viatu vyake mahali pazuri.

Kwa hiyo mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba paka hatumwi. Hata ukimtuma kwa upendo akamate panya, anakwenda akitaka mwenyewe. Wala hana kisasi. Kisasi kinataka mtu akumbuke kosa, apange siku, achague kiatu. Hayo ni mambo ya sisi tuliosoma katekisimu. Anayekojoa nje ya beseni ana moja kati ya haya: anaumwa, ana hofu, au beseni lenyewe halimfai. Uchawi utafutwe baada ya hapo.

Umeniandikia kila kitu isipokuwa siku unayobadilisha mchanga. Nimeona. Uchafu uondolewe kila siku, asubuhi au jioni, kwa kijiko kibovu ambacho hakitarudi kabatini. Mara moja kwa juma mwaga wote, osha beseni kwa maji na sabuni ya kawaida, kausha juani, weka mpya wa vidole vitatu kwenda chini ili apate pa kufukia. Maji ni shida, najua. Nami nabeba bidoni. Maji uliyofulia nguo yanatosha kuoshea beseni.

Na mchanga gani? Wengi hapa tunaweka majivu ya mbabula, maana kwa makaa tunapika kila siku na majivu ni ya bure. Hatuko peke yetu. Mwaka 1947 huko Cassopolis, jimbo la Michigan nchini Marekani, mama mmoja alikuwa akimwekea paka wake majivu, na nyumba yake imejaa nyayo nyeusi. Akaenda kuomba mchanga kwa jirani, kijana aitwaye Edward Lowe, ambaye alikuwa akiuza udongo mkavu wa kufyonza mafuta yaliyomwagika. Kijana akampa udongo ule badala ya mchanga. Mama akarudi kuomba tena, Lowe akatia udongo mifukoni, akauita Kitty Litter, akawa tajiri. Wewe hutatajirika, lakini achana na majivu. Yakilowa huwa makali, yanachoma nyayo, na paka akijilamba anayala.

Chukua mchanga wa mtoni, uchekeche, uanike. Au nenda kwa seremala uombe mabaki ya randa, ya mbao zisizopakwa vanishi. Ila usiuchote mchanga kwenye malundo ya kiwandani, hata kama ni laini na uko karibu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa kusini mwa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini walikutwa na kobalti nyingi kuliko ilivyowahi kuandikwa popote kwa raia wa kawaida. Mkojo wetu umekwisha kusomwa hadi Ulaya, Mama. Wa paka tuuache salama.

Viatu sasa. Najua umevisugua kwa Javel, ile dawa ya klorini, kila mtu anafanya hivyo. Usirudie. Javel ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kifua, na harufu ikipungua puani mwako, puani mwa paka bado ipo. Kwenye mkojo wake mna asidi ya yuriki inayoganda chembechembe zisizoyeyuka upesi katika maji. Kiangazi kizima chumba kinaonekana kimepona. Novemba mvua zinaanza, hewa inalowa, na harufu inaamka kama vile amekojoa jana. Kausha kwanza kwa kitambaa, kwa kukandamiza, si kwa kusugua. Halafu maji baridi na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, soma mfuko wake, uiache ikae kabla ya kusuuza. Siki iliyochanganywa na maji inasaidia mwishoni. Kisha viatu vikae juu ya kabati, na bwana wako aache kuwa mrefu bure.

*Nkambo, mimi ni mtu wa Panda, nina paka dume wa mwaka mmoja na nusu. Tangu wapangaji wapya walete paka wao uani, huyu wangu ananyunyizia mapazia, mlango na begi la kazi. Anasimama wima kabisa, mkia juu, unatetemeka. Nimemsugua pua kwenye mkojo wake, nikatia pilipili kwenye mapazia. Sasa ananikimbia na mapazia yananiwasha mimi. Mke wangu amechukua jike wa pili "ili amtulize". — Papa wa Panda*

Papa, shikamoo na pole ya macho. Umeeleza vizuri kuliko daktari. Anayechuchumaa na kuacha dimbwi sakafuni amekojoa. Anayesimama mkia juu akapiga ukutani ameandika barua. Ya kwako inasema: nyumba hii ina mwenyewe. Anamwambia paka wa uani, ambaye anamwona dirishani kila siku, na wewe begi lako linaingia na harufu za nje, ndiyo maana limepata nakala.

Kumsugua pua kumemfundisha jambo moja tu, kwamba Papa ni hatari. Mkojo wa saa mbili zilizopita hauhusishi na pua yake ya sasa. Pilipili hiyo itie kwenye samaki.

Dawa ya kweli inaitwa kuhasiwa. Najua wanaume wa mji huu wakisikia neno hilo wanakaza mapaja, lakini hapa anayezungumziwa ni paka. Kwa madume, karibu 9 kati ya 10 huacha au hupunguza sana kunyunyiza baada ya hapo. Wengine mara moja, wengine baada ya majuma kadhaa. Kwa hilo mtafute daktari wa mifugo aliyesomea; Lubumbashi, kilomita 120 hivi, chuo kikuu kina kitivo kizima cha udaktari wa wanyama. Usimpe kijana wa jirani mwenye wembe. Wakati unasubiri, funika vioo vya chini vya dirisha kwa karatasi asimwone adui yake.

Na huyo jike wa kutuliza, mke wako alikuwa na nia njema. Sasa mnao wawili. Hesabu ya mabeseni ni idadi ya paka kisha ongeza moja, kwa hiyo matatu, tena vyumba tofauti, kwa sababu matatu yakipangwa mstari mmoja, paka anayaona ni moja na mkorofi analilinda lote. Kila beseni liwe na urefu wa mwili wa paka mara moja na nusu, bila mkia. Lile la kunawia mikono mlilompa, anaingia nusu, nusu nyingine inakojoa sakafuni, kisha analaumiwa.

*Nkambo, dume langu tangu jana anaingia kwenye mchanga kila dakika, anajikamua, analia, anatoka bila kitu. Leo nimeona tone la damu kwenye vigae. Nimpe kidonge cha maumivu? — Kijana wa Shituru*

Kijana, acha kusoma safu hii, nenda kwa daktari wa wanyama sasa hivi. Hapa sichezi. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na chembechembe na ute vinaweza kuiziba kabisa. Mkojo usipotoka, sumu inarudi damuni, moyo unasimama. Siku moja au mbili zinatosha. Usimkamue tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Na parasetamoli usimpe hata robo. Kidonge ambacho kwako kinatuliza kichwa, kwa paka kinaua.

Akipona, mlowanishie chakula na umwekee maji mbali na sahani, mahali pawili patatu. Paka wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa nchi kame, kiu yao ni ndogo na mkojo wao ni mzito. Akilishwa samaki mkavu tu mwaka mzima, bomba linaziba.

*Nkambo, nina mimba ya miezi minne. Nimesikia uchafu wa paka unaharibu mimba. Bwana wangu amesikia pia, akaamua paka afukuzwe, maana kusafisha beseni ni kazi ya mwanamke na mwanamke sasa haruhusiwi. — Yaya wa katikati ya mji*

Yaya, hongera. Bwana wako amesoma nusu ya ukurasa. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma, ni kweli, na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kikitoka na kinyesi cha paka hakiambukizi papo hapo; kinahitaji kati ya siku 1 na 5 kukomaa. Beseni likisafishwa kila siku, kinatupwa kikiwa bado hakijawa tayari. Paka anayekaa ndani na kula chakula kilichopikwa hakipati kirahisi. Wewe una hatari zaidi kwenye nyama isiyoiva na mboga zenye udongo, kwa hiyo osha matembele vizuri, na ukilima uani vaa glavu.

Beseni lisafishwe na mtu ambaye hana mimba. Nimehesabu watu wazima wa nyumba yako kwa kusoma barua yako, nimempata mmoja. Ana mikono miwili. Kijiko kibovu kinapatikana jikoni, utamwonyesha jikoni ni wapi.

*Nkambo, kila Jumamosi bwana wangu anarudi usiku ananuka lutuku. Jumapili asubuhi godoro limelowa, upande wake tu. Anasema ni paka. Nimechoka kuanika godoro majirani wakitazama. Niweke beseni la namna gani? Tafadhali ujue kwamba sisi hatufugi paka. — Mke Mvumilivu*

Mama, pombe inazuia homoni inayoziambia figo zibakize maji mwilini, ndiyo maana paka wako hukojoa Jumamosi kwa Jumapili. Akilowesha na usiku ambao hakunywa, apelekwe hospitali akapimwe sukari, na hilo nasema bila mzaha. Godoro ni kama viatu vya Kikula: kandamiza, maji baridi, sabuni yenye vimeng'enya, na Javel usiguse.

Kuhusu beseni, kanuni nimekwisha kumpa Papa wa Panda, urefu wa mwili mara moja na nusu. Mafundi wa mabati hawakosekani hapa mjini, mpe mmoja wao vipimo mapema. Mpime akiwa amelala.