Baba Mkwe Anabana Matumizi

Baba mkwe wangu ni Mswisi wa jimbo la Bern, mstaafu, mtu mpole. Wenzake wa rika lake hufuga nyuki. Yeye hujaza risasi. Akirudi kutoka kulenga shabaha huja na maganda matupu mfukoni, huyasafisha, huyatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, kisha huenda kuyafyatua tena. Ukimuuliza kwa nini, hujibu kwamba anabana matumizi. Mama mkwe akilisikia jibu hilo hukumbuka kazi jikoni.

Bunduki ni K31 ya marehemu baba yake. Kiwanda cha serikali mjini Bern kilitengeneza zaidi ya nusu milioni ya aina hiyo, kuanzia 1933, kwa jeshi la nchi ambayo haikuingia vitani. Askari wa Uswisi huweka silaha yake nyumbani, basi nyingi zilizeekea kabatini katikati ya makoti. Ukifungua skrubu mbili za bamba la kitako unaweza kukuta kikaratasi chenye jina na kikosi cha mwenyewe. Cha kwetu kipo, na hati ya babu ni nzuri kuliko ya daktari yeyote niliyewahi kumwona. Bolti yake haiinuliwi. Huvutwa nyuma na kusukumwa mbele, moja kwa moja. Raha tupu, mradi risasi ikubali kuingia.

Risasi yake halali inaitwa GP11, nambari hiyo ikiwa ni ya mwaka 1911. Ni nzuri mno, na tatizo la baba mkwe linaanzia hapo. Jeshi halikuwaza kwamba kuna mtu atataka kulijaza ganda lile mara ya pili. Chini yake, penye fataki, kuna vitundu viwili vya pembeni, wakati sindano ya kusukumia fataki iliyokwisha hutafuta tundu moja la katikati. Mzee alilijua hilo vizuri. Lakini kutupa shaba safi namna ile aliona ni dhambi, akataka kuhakikisha. Sindano ilivunjika. Akahakikisha tena kwa sindano nyingine. Ndipo akaagiza maganda kutoka Serbia, yenye tundu la katikati, kwa bei ambayo mke wangu alikatazwa kumwambia mama yake.

Ganda lililotumika hutanuka, kwa hiyo hushindiliwa ndani ya kalibu ya chuma lirudi umbo lake, na kabla ya hapo hupakwa grisi. Ikizidi, bega la ganda hubonyea. Ikipungua, ganda hunasa. Mtu anayebana matumizi hubana na grisi. Lilinasa kabisa, akavuta, nikashikilia meza, ukingo wa ganda ukang'oka na ganda likabaki humohumo. Mama mkwe aliikuta kalibu kwenye friza, juu ya mbaazi, ikisubiri kusinyaa.

Ya ovena sikuwepo, nilisimuliwa. Maganda yaliyooshwa yaliwekwa humo yakauke kwa joto la chini. Ilikuwa Jumapili. Mama mkwe akawasha moto wa keki bila kuchungulia. Hakuna aliyejua joto lilifika wapi, na shaba iliyolainika kwenye kitako si kitu cha kuweka karibu na uso wako, kwa hiyo yote yalitupwa. Keki waliila kimyakimya.

Akipima baruti, nyumba nzima hutii. Hapo simcheki, kwa maana kosa la kipimo hupasua bunduki. Mlango haufunguliwi, upepo usije ukaitikisa mizani. Mama yangu alipopiga simu ya video kutoka Tanga akashangilia kumwona mkwe mwenzake, aliombwa kwa adabu apunguze sauti.

Hatimaye risasi mpya zilikamilika, zinang'aa, tukaenda nazo kiwanja cha mita 300. Bolti ikagoma kufunga. Kumbe K31 ilichongwa kwa ajili ya kichwa chembamba cha GP11. Vichwa vingi vya dukani, hata vyenye kipenyo hicho hicho, hunenepa mapema na kugota kwenye mifereji ya mtutu, hivyo havina budi kuzamishwa zaidi ndani ya ganda. Tukarudi nyumbani na risasi zote. Binti wa pembeni yetu, aliyenunua za jeshi hapo hapo klabuni, alikuwa ameshamaliza na kwenda kunywa kahawa.

Kila mwaka kuna Feldschiessen, sikukuu ya kulenga shabaha ya Uswisi nzima. Kiingilio hakuna, na risasi 18 hutolewa bure. Ukipenda usipende, ni za jeshi. Huko baba mkwe hulenga vizuri sana na hurudi na beji kifuani.

Mama mkwe amemwonyesha daftari la gharama. Mzee amelisoma lote, akakubaliana na kila tarakimu, kisha akaagiza mizani ya umeme. Anasema ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ikimpotezea fedha.