Muulize Mzee Lenta: Kibaraza Kimeota Mlango

*Shikamoo Mzee Lenta. Nina nyumba Karatu mjini, kando ya barabara ya kwenda geti la Loduare, Ngorongoro. Miaka mitatu iliyopita niliweka bati mbele ili tupate kivuli. Vumbi likatusumbua, nikaziba pembeni kwa tofali. Baridi ya Juni ikaja, nikatia mlango. Sasa humo ndani yumo mpangaji, anauza chipsi. Juzi nimekuta X nyekundu ukutani. Kweli kuziba vumbi nako kunahitaji kibali? — Mziba Vumbi*

Marahaba, mwanangu. Umeandika barua nzima bila neno "kujenga". Uwakili ulikupita hivihivi.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haiulizi ulikuwa unaziba nini. Ukiendeleza ardhi kwenye eneo la mipango, uwe na kibali. Bati lililotoboka badilisha, hakuna atakayekufuata. Ila kivuli kinacholipa kodi ya pango kila mwezi ni fremu, hata ukikiita mwavuli.

Lakini hiyo rangi haikutoka kwa afisa mipango miji. Mwaka huohuo wa 2007 ilipita Sheria ya Barabara, na hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ikatoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30, ukihesabu toka katikati. Aliyekuwa amejenga ndani ya hizo saba na nusu kabla ya sheria, barabara ndiyo iliyomfuata: anapata X ya kijani na fidia. Aliyekwenda mwenyewe anapata nyekundu. Wewe ulikwenda kwa awamu tatu, ya mwisho ukiwa na mlango na kufuli.

Chukua futi kamba upime toka katikati ya lami, tena alfajiri, kabla magari ya watalii hayajaanza kukimbilia kreta. Kisha mwambie wa chipsi ukweli kabla hajakulipa ya miezi sita.

*Mzee, mimi niko Endulen, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Naweza kuongeza chumba kimoja cha tofali bila kusumbua mamlaka? — Boma Limejaa*

Huwezi. Mwaka 2021 notisi za kubomoa zilitolewa hadi kwa shule na zahanati za serikali huko kwenu, ndipo zikasitishwa. Serikali yenyewe iliambiwa haina kibali, sembuse wewe na tofali zako mia nne.

Muulize mama watoto. Nyumba ya Kimaasai wanajenga wanawake, kwa fito na samadi, na fundi huyo hasubiri saruji ipite getini. Au uhamie Msomera, Handeni, ambako tangu Juni 2022 wanaohama wanapewa nyumba ya vyumba vitatu. Ukiwa na wake watatu, utaniandikia tena kutoka huko.

*Je, nikichimba chini? — Mjukuu wa Mwiraqw*

Hapo umenigusa. Wazee walichimba nyumba ubavuni mwa kilima na kuezeka udongo, waliokuja kuiba ng'ombe wasione kitu. Hata drone ya halmashauri ingepita.

Ila kifusi utakiweka wapi? Udongo mwekundu wa Karatu ukirundikwa uani, unaonekana hadi Rhotia.