Njia za Mkato za Kumfanya Jirani Asafishe Mtaro

Sogea karibu, ndugu mtendaji wa mtaa. Nawe afisa afya wa kata, vuta kiti. Mmeletewa barua kutoka manispaa inayowataka mtoe elimu kwa umma kuhusu mifereji ya maji ya mvua, na tarehe ya mwisho imeshawekwa. Nitawapa mbinu za mkato. Zote ni halali na zote zinategemea jambo moja: mwanadamu hupenda kuonekana mbele ya jirani zake. Nazitoa kwa moyo wote, kwa sababu Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na mabonde yaliyofurika siku zile bado yana nyumba zenye watoto ndani.

1. Usifundishe wanachokijua

Mkazi wa Kigogo au Vingunguti anaijua mvua kuliko wewe. Anajua maji yanaingilia mlango upi, anajua godoro lipandishwe wapi, anajua ni mtaro gani unaoziba kwanza. Ukimkalisha chini ya turubai umweleze kwamba taka huziba mtaro, atakusikiliza kwa heshima, atakunywa soda, atasaini karatasi ya mahudhurio, kisha atarudi nyumbani kwenye ndoo ileile ya taka isiyo na pa kwenda. Amekosa mambo mawili: mahali pa kupeleka hizo taka, na jirani anayemwangalia akizitupa.

Basi futa semina. Andika barua ya kuomba kubadili matumizi ya fungu, karatasi moja inatosha, na fedha ya viti, turubai na soda igeuke makoleo, ndoo, glavu, buti za mpira na kodi ya gari. Hiyo ndiyo hatua ngumu kuliko zote zinazofuata, kwa sababu wapo waliokwisha kuihesabu posho ya semina hiyo. Wagawie kazi ya kusimamia zoezi na majina yao yasomwe hadharani. Wengi watapoa.

2. Wahi mwezi

Fanya kazi Februari, kabla ya masika. Rudia Septemba, kabla ya vuli. Mtu mwenye maji sebuleni mwezi wa Aprili anahitaji mkono wa kumsaidia kuhamisha vitu, na anayemletea kipeperushi saa hiyo hatakumbukwa kwa uzuri.

3. Azima midomo ya watu

Sauti yako, ndugu afisa, watu wameshaizoea. Wakikuona na faili wanadhani umekuja kutoza faini. Tafuta wenye midomo inayosikilizwa: mama lishe anayepika kando ya mtaro, vijana wa bodaboda wenye kijiwe juu ya kalavati, mwenye duka ambaye mbele yake ndipo chupa zote za maji hutupwa, na yule bibi ambaye mtaa mzima unamwita Bibi. Hao wako hapo kutwa nzima. Wanaona nani ametupa nini, na wana haki ya kusema kwa sababu harufu ni yao.

Mbinu hii ina historia katika jiji hili. Mradi wa kudhibiti malaria mjini ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004 uliwatumia wakazi wenyewe kutafuta viluwiluwi vya mbu katika madimbwi na mitaro ya mitaa yao. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwaweka pamoja wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata kuchora ramani ya mifereji, na mwenyeji ndiye aliyeulizwa maji yalifika wapi. Mtu akishaulizwa anachokijua, hugeuka mtetezi wa jambo hilo bila kulipwa. Muulize kwa dhati, na uandike anachosema huku anakuona.

Kuhusu matangazo, Ijumaa baada ya swala na Jumapili kabla watu hawajatoka kanisani unapata wasikilizaji waliokaa kimya tayari. Omba dakika mbili. Sema siku, saa, mahali, na kila mtu aje na nini. Kisha kaa chini.

Na watoto. Vaa glavu, chota maji ya mtaro yaliyotuama, yatie kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko, uyapeleke shule ya msingi. Waache waangalie viluwiluwi vikichezacheza, wasiguse. Waambie kwamba kwenye joto la pwani hivyo vinakuwa mbu wanaoruka ndani ya wiki moja hadi mbili. Jioni hiyo kila nyumba itakuwa na mwalimu mmoja asiyechoka.

4. Lisifu paa la tajiri

Kuna mkosaji ambaye hatajwi mikutanoni, maana ndiye aliyechangia jengo la ofisi ya mtaa. Yeye hatupi taka mtaroni. Amejenga nyumba nzuri, ameezeka bati kubwa, amesakafia ua wote kwa vitofali vya pevingi hadi ukutani, na maji yake yote anayatoa kwa bomba yaende nje ya geti.

Usimshtaki. Mpigie hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, yaani matangi matano ya lita 1,000 kila moja. Simama naye uani, lisifu paa kwa sababu kweli ni zuri, kisha muulize: "Mzee, haya matangi matano tunampelekea nani huko chini?" Halafu nyamaza. Mzee wa heshima hapendi kusikika kwamba ndiye anayejaza chumba cha mjane wa bondeni. Atauliza mwenyewe afanye nini, nawe utakuwa na majibu matatu mfukoni: gata linaloingia kwenye tangi, shimo la kokoto la kunyonya maji, na kipande cha ua kilichobanduliwa vitofali kikapandwa nyasi na mpera. Tangi atalipenda zaidi, kwa sababu linaonekana barabarani.

5. Tope liondoke siku ileile

Hapa ndipo zoezi zima huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tangu Desemba 9, 2015, siku ya Uhuru ilipogeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima wakati kipindupindu kikiendelea, tumezoea kutoka na mafagio. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu huingia mitaroni, hutoa mchanga, chupa, nguo kuukuu na tope jeusi, na kuvirundika pembeni. Picha hupigwa. Watu huoga. Rundo hubaki. Siku ya tatu gari halijaja, ya nne watoto wanaruka juu yake, ya tano mvua inanyesha na mchanga wote unarudi ulikotoka. Mkazi aliyeshinda ndani ya tope anaona jasho lake likirudi mtaroni, na mwezi unaofuata hatoki. Hapo umemfundisha kwamba kusafisha hakuna maana, na ameelewa vizuri sana.

Kwa hiyo geuza utaratibu. Kodi gari kwanza, ndipo utangaze siku. Kama gari moja linabeba tope la mita 80 za mtaro, safisha mita 80, usifikishe 300. Kama uchochoro ni mwembamba, panga guta na mikokoteni hadi barabarani, na uwalipe wenye mikokoteni mbele ya watu ili kila mtu aone fedha ya mtaa ilikoenda. Mchanga safi wa juu mafundi watauchukua wenyewe ukiwaruhusu. Tope lenye kinyesi na chupa zilizovunjika liende dampo. Ikifika saa kumi jioni pembeni ya mtaro pawe peupe. Mtaa utakaoona hilo mara moja hautahitaji gari la matangazo mwezi unaofuata.

6. Gawa sifa kwa kipimo cha mita

Mtaro wa watu wote hauna mwenyewe. Ukate vipande. Mita 20 za kijiwe cha bodaboda, mita 20 za kikundi cha kina mama cha kufa na kuzikana, mita 20 za timu ya mpira. Kila kipande kiwe na kibao chenye jina, herufi kubwa, rangi isiyochuja. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa rusha picha ya kipande kilichong'aa zaidi na uwataje waliokisafisha mmoja mmoja. Usirushe picha ya mchafu hata kama inakuwasha. Ukimwaibisha mtu hadharani hataacha kutupa taka, ataanza kuzitupa usiku, na usiku huna macho.

Mwenyekiti naye apewe nafasi ya kusimama mbele na koleo. Mitaa huchagua viongozi kila baada ya miaka 5 na yeye anajua. Mwache apigwe picha, ila awe wa kwanza kuingia ndani ya mtaro.

Na inapowezekana, wakazi wajenge kwa mikono yao. Katikati ya miaka ya 1990 watu wa Hananasifu, Kinondoni, walifanya kazi ya kujenga mifereji ya mvua mtaani kwao katika mradi ulioungwa mkono na Shirika la Kazi Duniani. Aliyebeba zege la mtaro hahitaji kuelezwa ni wa nani.

7. Neno la faragha kuhusu vyoo

Mnajua ninachotaka kusema. Mvua kubwa ikianza usiku, kuna nyumba hufungua tundu la choo na kutapisha, ili maji yabebe kila kitu. Asubuhi mtoto wa jirani anavuka maji yale pekupeku, na kipindupindu hupita njia hiyohiyo. Mwaka 2015 mlipuko ulianzia Dar es Salaam mwezi Agosti na ukasambaa mikoani.

Jambo hili usilizungumze mkutanoni. Hakuna atakayekiri, na anayelifanya atakuwa wa kwanza kulilaani. Nenda nyumba kwa nyumba Februari, na bei mkononi. Familia hutapisha kwa sababu gari la kunyonya majitaka haliingii uchochoroni, na likiingia bei inawashinda. Tafuta watoa huduma wenye pampu ya mkono, nyumba kumi zijiandikishe pamoja, mpatane bei ya jumla na walipe kidogokidogo kupitia kikundi chao cha kuweka akiba. Ongea na mama mwenye nyumba, kwa sauti ya chini, na usimuulize alifanya nini mwaka jana. Mpe njia ya kutoka ambayo haimwachii aibu, ataishika.

8. Ripoti yako iwe kijiti

Manispaa itataka idadi ya watu "waliofikiwa". Wape, kwa sababu wameomba. Lakini wewe jipime kwa kijiti. Chukua nondo, ipake rangi kila sentimita 10, ichomeke kwenye kalavati kila mwisho wa mwezi uone mchanga umepanda kiasi gani. Mtaro wa pembe nne wenye kina cha sentimita 60 ukijaa mchanga hadi nusu, unapitisha chini ya nusu ya maji yake, kwa sababu yaliyobaki nayo yanakwenda polepole. Andika namba hiyo ubaoni nje ya ofisi. Ikipanda, watu watakuuliza kabla hujawauliza.

Kando yake chora ukutani mstari wa mafuriko makubwa ambayo wazee wanayakumbuka, na mwaka wake. Chini kidogo chora mstari wa sentimita 15, kwenye kifundo cha mguu na kidogo juu, uandike kwamba maji ya kina hicho yakienda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ukuta wa shule unafaa zaidi.

9. Shindwa kwa adabu

Kuna vita ambavyo kipeperushi hakivishindi, na ni heshima kuviacha kwa wenye uwezo navyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, lakini familia iliyonunua kiwanja bondeni kwa akiba ya maisha haiwezi kuelimishwa ihame bila kuonyeshwa pa kwenda. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, na mchanga unaotelemka na maji kutoka juu hauishi kwa watu wa Jangwani, kule chini, kufagia. Kalavati dogo litabaki dogo hata likisafishwa kila siku.

Haya yaandike wazi, yapeleke manispaa yakiwa na picha na zile namba za kijiti, na uwaambie wakazi kwamba umeyapeleka, lini, na kwa nani. Usiwaache waamini kwamba mafuriko yote ni kosa lao. Mtu anayelaumiwa kwa maji asiyoyaleta hatasafisha hata yale anayoyaweza.

Na yule mzee wa barazani anayesema kila mwaka kwamba mtaro ni kazi ya serikali, usibishane naye. Ana hoja. Mpelekee chai, endelea na mita 80 zako.

Masika huanza Machi. Kabla hujaitisha kikao chochote, mpigie simu mwenye gari la kubeba tope, mkubaliane siku na bei.